Akiba Inayooza

Wapenzi wa lugha, methali isemayo "akiba haiozi" nimeifundisha kwa miaka mingi darasani, na sikumbuki mwanafunzi aliyesimama kuipinga. Mkulima wa bonde la Rufiji aliyejaza mpunga ghalani anaikubali, na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anaikubali pia. Lakini siku hizi neno akiba limepata kazi mpya ambayo methali haikuitarajia. Fungua mipangilio ya simu iliyowekwa katika Kiswahili, utakutana na agizo "futa akiba". Na ndani ya mitambo ya tovuti imo akiba nyingine isiyongoja hata kufutwa: mtumiaji akinyamaza kwa dakika 20, inajiondokea yenyewe.

Ninaandika kuhusu akiba hiyo, namna inavyowekwa na majina tunayoipa. Nafanya hivyo kwa sababu nimeshuhudia hapa kwetu Kibiti jinsi jina lisilotosha lilivyompotezea mtoto kazi ya jioni nzima.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtunzi wa programu jijini Dar es Salaam, alitengeneza tovuti ndogo ya mazoezi kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Watumiaji wake wengi walikuwa vijana wa Kibiti na wa vijiji vya delta, mahali ambapo kitabu cha marudio husafiri kwa boti na hufika kikiwa kimelowa. Aliponipigia simu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alisema: "Mwalimu, ninao vijana wanne ninaowafundisha kazi. Nataka mwongozo wa Kiswahili wa kuweka kumbukumbu za vikao, na nataka maneno yanayotokea kwenye skrini yapite mikononi mwako." Nilimwambia kwamba siwezi kutafsiri kitu nisichokielewa. Akacheka, akasema basi atanifundisha, zamu yangu ya kukaa kwenye dawati imefika.

Somo la kwanza lilikuwa kwamba wavuti ulizaliwa msahaulifu. Tim Berners-Lee alipoubuni huko CERN kati ya mwaka 1989 na 1991, alitaka wanasayansi wasomeane nyaraka, basi. Mashine moja inaomba ukurasa, nyingine inautoa, na habari inaishia hapo. Ukiomba ukurasa wa pili sekunde moja baadaye, seva inakupokea kama mgeni ambaye haijapata kumwona. Kwa kusoma nyaraka, usahaulifu huo haukuwa na madhara. Kwa kununua, kutuma fedha au kufanya mtihani, ulikuwa balaa. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni kile ambacho Kiswahili cha mitandaoni sasa kinakiita kidakuzi: kijinamba ambacho seva inakipa kivinjari chako, nacho hukirudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine. Sikio langu husikia ndani ya jina hilo kitenzi kudaka, na picha hiyo inanipendeza, kwa kuwa ni kitu kinachorushwa na kudakwa huku na huko.

Msomaji aelewe vizuri kwamba katika mpango tunaouzungumzia, kidakuzi hakibebi majibu ya mwanafunzi. Kinabeba namba tu. Ni kama kadi unayopewa katika chumba cha mapokezi cha hospitali: ugonjwa wako haujaandikwa juu yake, bali jalada lako limo ndani, kabatini, na kadi ndiyo inayomwonyesha karani jalada lipi alitoe. Kabati hilo ndilo kiini cha habari yote inayofuata.

Muda ambao seva inakutambua kwa kadi yako watunzi wa programu wanauita sesheni. Nilipewa uchaguzi wa kuuita kipindi au kikao. Kipindi ni neno la mwalimu, nalipenda, lakini kipindi cha darasani kina kengele: dakika 40 zikitimia kimekwisha, uwe unaandika au unasinzia. Sesheni haiendi hivyo. Dakika zake huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho ulipofanya jambo. Ukibonyeza kitu, hesabu inaanza upya. Huo ni mwenendo wa kikao. Kikao huendelea maadamu watu wanasema, na wakinyamaza wote mwenyekiti hukifunga. Isitoshe, neno sesheni katika asili yake ya Kilatini linatokana na kitenzi cha kuketi, nasi tumelipata kikao kutoka kukaa. Lugha mbili zisizojuana zilichora picha moja. Sikuona sababu ya kuhangaika zaidi.

Kikao kinachofungwa kwa kunyamaza si kigeni kwa yeyote aliyewahi kutuma fedha kwa simu, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Unabonyeza nyota na namba, menyu inakuja, unachagua, unatafuta miwani ili usome namba ya mpokeaji, na ukirudisha macho menyu imeondoka. Wazee wenzangu husema simu "imenuna". Haikununa, kikao kimefungwa.

Sasa nieleze mkasa wenyewe. Mwanzoni tovuti ile iliendeshwa na mashine moja, na kabati la majalada lilikuwa ndani ya kumbukumbu ya mashine hiyo. Mambo yalikwenda vizuri. Mtihani ulipokaribia watumiaji waliongezeka, naye akaongeza mashine mbili. Mbele yake akaweka mashine ya kugawa kazi, ambayo humwelekeza kila anayefika kama mpiga debe wa stendi: wewe panda hili, wewe lile. Kuanzia siku hiyo watoto wakaanza kupotea. Mwanafunzi aliyejibu maswali 20 kwenye mashine ya kwanza alipobonyeza "endelea" alipelekwa kwenye ya tatu, nayo ikatazama kabati lake, haikuona jalada, ikamwambia aanze upya.

Binti mmoja wa visiwani, ambaye hupata mtandao akitoka nje ya kijiji mpaka kwenye gati, alipoteza insha mbili na maswali ya historia kwa jioni moja. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba kabla ya kupumzika alikuwa amesoma sentensi chini ya skrini: "Majibu yako yapo katika akiba." Aliiamini. Nani asingeiamini? Babu yake, tuliyefahamiana tangu ujana, alipovuka kuja Kibiti alinikabili kwa swali: "Mwalimu, ninyi ndio mlitufundisha kwamba akiba haiozi. Hii ya mjukuu wangu imeoza kabla jua halijazama. Ni akiba ya namna gani?"

Nililipeleka swali hilo Dar es Salaam kama lilivyo. Jibu likaja kwamba kosa lilikuwa jina, tena si moja. Mfumo anaoutumia kutengenezea tovuti unatoa hifadhi za aina kadhaa kwa ajili ya vikao. Moja wapo ina neno la Kiingereza lenye maana ya "iliyosambazwa" katika jina lake, ilhali haijasambazwa popote: imo ndani ya kumbukumbu ya mashine ileile, na imewekwa kwa ajili ya majaribio na ya mashine moja. Maelezo ya mfumo yanasema hivyo waziwazi, lakini jina linasema kinyume, na kijana wangu alisoma jina. Mwanafunzi naye, upande wa pili wa skrini, alisoma akiba. Mtaalamu na mtoto walidanganywa na jambo moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Hapo ndipo delta yetu iliponisaidia kuelewa, na baadaye kueleza. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika katika midomo mingi, Kikunja, Simba Uranga, Msala, Kiomboni na mingineyo, katikati ya msitu wa mikoko. Wingi huo wa midomo una nguvu yake. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha humu. Novemba mwaka huo Waingereza walizamisha meli kuukuu katika mkondo wa Suninga ili wamfungie adui njia, lakini mto wenye njia nyingi haufungwi kwa kizibo kimoja. Vita vya kuitafuta viliendelea hadi Julai 11, 1915, ilipoangamia. Mashine nyingi za tovuti zina faida hiyohiyo: moja ikiziba, watu wanapitia nyingine. Ila abiria aliyeacha mzigo wake kwenye mdomo wa Msala asitarajie kuukuta Kikunja. Mzigo wa watu wote unapaswa kuwekwa juu, kabla mto haujagawanyika, ili atakayeshuka kwa njia yoyote aukute.

Mwongozo wa Kiswahili tuliouandika pamoja unafuata fikra hiyo, nao una hatua tano.

Kwanza, kabati litolewe ndani ya mashine za tovuti, likae peke yake, na mashine zote zilisome. Programu za kazi hiyo zipo. Brad Fitzpatrick alitunga Memcached mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, na Salvatore Sanfilippo wa Italia alitoa Redis mwaka 2009. Kijana wangu alichagua Redis. Kila mashine inaambiwa anwani ya kabati na nywila yake.

Pili, masharti ya kikao yatamkwe. Dakika 20 za ukimya ndizo zilizowekwa tangu mwanzo katika mfumo wake. Kwa mtoto ambaye mtandao wake hukatika kila upepo unapogeuka, tuliziongeza zikawa 60. Kadi nayo iwekewe alama ya kuzuia programu ndogondogo zilizomo ndani ya ukurasa zisiweze kuisoma, maana mwenye kuiba kadi ameiba kikao.

Tatu, muhuri uwe mmoja. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Seva haimpi mtu kadi tupu. Huipiga muhuri wa siri ili isighushiwe. Ikiwa kila mashine ina muhuri wake, kadi iliyotolewa na ya kwanza itakataliwa na ya pili, hata kama kabati ni la pamoja na jalada limo. Funguo za muhuri lazima nazo ziwekwe mahali ambapo mashine zote zinazipata.

Nne, utaratibu ufuatwe. Ombi la mtumiaji hupita milango kadhaa ndani ya programu, na mlango unaofungua kikao lazima utangulie mlango wowote unaotaka kukisoma. Mtunzi akipanga kinyume, programu itamgomea.

Tano, na hili ndilo linalomhusu yule binti: kisiwekwe katika kikao kitu ambacho kupotea kwake ni msiba. Kabati la vikao, hata likiwa la pamoja, limejengwa kwa ajili ya kasi. Likijaa, laweza kuagizwa litupe majalada ya zamani ili kupata nafasi. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake chaweza kutoweka, kutegemea lilivyopangwa. Katika kikao kiwekwe kile tu kinachoweza kupatikana tena: mwanafunzi ni nani, yuko swali la ngapi, amechagua somo gani. Majibu yenyewe yaandikwe katika hifadhidata, jibu baada ya jibu, papo hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhidata ndilo daftari. Kikao ni kidole kinachoshika ukurasa.

Hatua hizo zilipokamilika, yalibaki majina. Tuanze na akiba. Neno hili limetufikia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kitu kinachofuata nyuma, na katika vinywa vyetu limekuwa kitu kinachowekwa kwa ajili ya kesho. Kitu kinachoitwa kache hakiwekwi kwa ajili ya kesho. Kinawekwa karibu ili kazi ya sasa iende haraka, na nakala ya kweli iko mahali pengine. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kuficha, kwa hiyo hata lugha zilizokizaa hazikukipa maana ya kudumu. Kukiita akiba ni kumwahidi mtu kudumu kusikokuwepo.

Pendekezo langu ni dungu. Msomaji wa mbali huenda akalijua kama kibanda cha kulindia ndege shambani. Rufiji dungu lina hadhi kubwa kuliko hiyo. Bonde letu hufurika, na watu wetu tangu zamani wamelima kwa kuufuata mto: mpunga wakati wa maji, na mlau wa mahindi na kunde katika udongo wenye unyevu maji yanaporudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipowahamishia wakulima sehemu za juu, nyumba na ghala zilikaa juu, shamba likabaki bondeni. Katikati likasimama dungu, nyumba juu ya nguzo, pembeni mwa kazi. Ndani yake utakuta jembe la leo, unga wa juma hili, sufuria moja na mkeka. Mkulima hasafiri kwenda ghalani kila anapotaka chumvi. Lakini hakuna mwenye akili anayeweka mavuno ya mwaka katika dungu, kwa sababu kila mmoja anajua litakavyokuwa mto ukiamua, kama ulivyoamua Aprili 2024 ulipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Neno lenyewe linabeba onyo lake. Karibu, haraka, kwa muda, na ghala liko kwingine: sifa zote nne za kache zimo.

Na ile sifa ya pili, "iliyosambazwa"? Sikuikubali. Tunasambaza habari, mbegu, hata ugonjwa. Kinachosambazwa kinakwenda kwa watu, kila mmoja na kipande chake. Hapa jambo la msingi ni kwamba mashine nyingi zinategemea hifadhi moja. Hifadhi hiyo yenyewe yaweza kukaa kwenye mashine moja au kugawanywa katika kadhaa. Kinachoipa thamani ni ushirika. Kwa hiyo tumeandika "dungu la shirika", kama tunavyosema mali ya shirika au chombo cha shirika kwa wavuvi wanaomiliki mtumbwi pamoja. Laiti hifadhi ile ya kwanza ingeitwa "dungu la mtu mmoja", nadhani mtoto wa watu angelala na insha zake.

Najua pingamizi litakalokuja. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 kwa ajili ya kazi hii, na mzee wa Kibiti hawezi kusanifisha istilahi akiwa barazani kwake. Ni kweli. Pia vijana watasema kache, nami sitawapiga viboko. Tumekwisha kuona kompyuta, tarakilishi na ngamizi zikishindana, na mtumiaji akiamua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, walilazimika kubuni maneno mengi bila kujua lipi litaishi. Barua pepe na tovuti zimeishi kwa sababu ukizisikia unajua ni nini. Hicho ndicho kipimo ninachokiombea dungu. Jina la kitu cha hatari lisipomwonyesha mtumiaji mpaka wa kitu hicho, litamdhuru hata likiwa sanifu.

Sentensi ya chini ya skrini tumeibadilisha. Sasa mwanafunzi anasoma: "Jibu hili limeandikwa daftarini. Ukikaa kimya dakika 60, kikao kitafungwa nawe utaingia tena. Majibu yaliyoandikwa hayatapotea." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kila neno lake ni kweli. Kabla ya kuifungua tovuti upya, kijana wangu aliwaomba wanafunzi thelathini wafanye zoezi kwa pamoja, kisha akazima mashine moja makusudi huku wanaandika. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Vijana wake wanne niliwatungia ubeti wa kushikia somo, nao wameuandika ukutani juu ya meza zao:

Usiweke kwenye dungu, mali ya mwaka mzima,
Yakija maji ya wingu, dungu halitasimama,
Kapeleke kila fungu, ghalani penye salama,
Jina tamu, ndugu yangu, humponza alosoma.

Babu wa yule binti nilimsomea sentensi mpya ya skrini. Aliisikiliza mara mbili, akauliza kama daftari hilo linakaa juu au bondeni. Nikamwambia juu. Akasema basi sawa.

Sasa nawageukia ninyi, malenga na wapenzi wa lugha. Dungu ni neno la bondeni kwetu; huenda Pemba, Lamu, Tanga au Bukavu wanalo lililo bora zaidi kwa kitu kinachowekwa karibu kwa muda mfupi huku mali yenyewe ikiwa kwingine. Wavuvi wanacho kitu cha namna hiyo ndani ya chombo, na wapishi wa shughuli nadhani wanacho jikoni. Mwenye neno alilete, pamoja na maelezo ya mahali linaposemwa na kazi linayoifanya. Mwongozo haujapigwa chapa bado, na nafasi ya kurekebisha ipo.